Spidi Haiponyi Simu Inayokatakata

Swali limekuja tena, na safari hii limetoka kwa fundi: "Simu za ofisini zinakatakata sauti. Nimshauri mteja anunue kifurushi cha Mbps ngapi?"

Usimshauri anunue chochote, kwa sababu hujapima kitu. Mwenye ofisi akiuliza hivyo namwelewa. Kila bango la barabarani linamwambia kwamba intaneti ni Mbps, na nyingi ni bora kuliko chache. Lakini wewe unalipwa kutafuta kasoro, na mtu anayelipwa kutafuta kasoro hapaswi kuandika dawa kwa kusoma bango.

Basi tuanze na hesabu ambayo ingemaliza mjadala kama watu wangeipiga. Kodeki ya G.711, inayotumika katika simu nyingi za intaneti maofisini, hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde na kutoa kilobiti 64 kila sekunde. Sauti hiyo hukatwa vipande vya milisekunde 20, kwa hiyo simu moja hutuma pakiti 50 kwa sekunde, kila moja ikiwa na baiti 160 za sauti. Weka baiti 40 za vichwa vya IP, UDP na RTP, kisha baiti 18 za Ethernet. Jumla ni kilobiti 87.2 kwa sekunde kwenda, na kiasi hicho hicho kurudi. Ukitumia G.729, inayobana sauti hadi kilobiti 8, jumla inashuka hadi karibu kilobiti 31.

Watu watano wakiongea kwa pamoja kwa G.711 hawafiki hata nusu ya Mbps moja. Ofisi yenye Mbps 10 ina nafasi zaidi ya mara ishirini ya wanachohitaji watu hao. Kama simu zinakatika juu ya Mbps 10, nieleze wewe Mbps 20 zitafanya nini.

Jibu ninalopewa kila mara ni hili: "Lakini tulipima spidi, ikawa inapanda na kushuka." Sawa, mlipima. Mlipima nini? Jaribio la kawaida la spidi hufungua miunganisho kadhaa ya TCP kwa wakati mmoja, mara nyingi kuelekea seva iliyo karibu, na kusukuma data kwa nguvu zote kwa sekunde chache. Pakiti ikipotea njiani, TCP huituma tena kimyakimya, na wewe huoni kitu isipokuwa namba kubwa ya kupendeza mwishoni. Simu haina anasa hiyo. Sauti husafiri kwa RTP juu ya UDP, na kipande kilichopotea hakirudiwi, kwa sababu hata kikirudiwa kitafika mzungumzaji ameshahamia sentensi nyingine. Laini inayopoteza pakiti tatu kati ya kila mia inaweza kupakua filamu bila wewe kulalamika, huku ikiharibu kila mazungumzo yanayopita ndani yake.

Simu haiulizi data ngapi zinaweza kupita. Inauliza kila pakiti itafika lini. Kuna mambo matatu ya kupima, na hakuna hata moja linalouzwa kwenye kifurushi. La kwanza ni ucheleweshaji: pendekezo la ITU-T namba G.114 linasema mazungumzo mengi huenda vizuri ikiwa sauti inafika upande wa pili ndani ya milisekunde 150, na kwamba milisekunde 400 ni mpaka usiofaa kuvukwa. La pili ni kuyumba kwa muda wa kufika, kwa sababu pakiti zinazotumwa kila baada ya milisekunde 20 zikifika kwa makundi na mapengo, simu hushindwa kuzipanga. Mafundi wengi huanza kuwa na wasiwasi kuyumba kukizidi milisekunde 30. La tatu ni upotevu wa pakiti, na hapo asilimia moja tu inatosha kukufanya ufungue begi la vifaa.

Anayedhani spidi hununua muda akumbuke satelaiti. Satelaiti ya mawasiliano iliyosimama juu ya ikweta iko kilomita 35,786 kutoka ardhini. Kupanda na kushuka peke yake kunakula takriban milisekunde 240, iwe umelipia kilobiti 64 au Mbps 50. Waliopiga simu za nje kwa njia hiyo wanaikumbuka ile hali ya kila mtu kuanza kuongea juu ya mwenzake. Mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilipoanza kazi mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010, watu walisherehekea spidi, lakini kwa simu zawadi kubwa ilikuwa umbali mfupi. Mwanga ndani ya faiba hutembea kilomita 1,000 kwa takriban milisekunde 5. Ndiyo sababu ofisi ya Mwanza yenye mtambo wa simu uliopangishwa kwenye seva ya Frankfurt inalipa maelfu ya kilomita hata pale mtu wa uhasibu anapompigia mtu wa stoo ghorofa ya chini. Na ndiyo sababu mkongo ukikatika, kama ilivyotokea kwa EASSy na SEACOM tarehe 12 Mei 2024, mtoa huduma akihamia njia ndefu zaidi simu zinaweza kubaki mbovu hata baada ya Mbps zote kurudi.

Sasa tuje kwa mkosaji mkuu, ambaye hakai baharini. Anakaa ndani ya kile kiboksi kilicho juu ya kabati.

Ofisi moja ya wakala wa forodha hapa Dar es Salaam ililalamika kwamba kila asubuhi kazi ikichanganya, wateja wao hawasikii wanachoambiwa. Kidokezo kilikuwa ndani ya lalamiko lenyewe: wateja hawasikii, lakini wafanyakazi wanawasikia wateja vizuri. Njia ya kuja nzima, njia ya kwenda mbovu. Meneja alikuwa ameshatibu kwa dawa ya kawaida. "Fundi, tulikuwa na Mbps 10, tumepanda hadi 20, na hali ni ile ile," akanionyesha matokeo ya jaribio kwenye simu yake, kweli 20 na ushei.

Nikaomba kompyuta ya mapokezi. Nikafungua dirisha jeusi, nikaandika amri ya ping kuelekea anwani ya mtambo wa mtoa huduma wa simu, nikaiacha iende. Milisekunde 18, 17, 19, 18. Tulivu kama bwawa. "Bosi, sasa mwambie kijana wa nyaraka atume makaratasi ya kontena kama anavyotuma siku zote." Faili la skana likaanza kuondoka: 18, 22, 140, 310, 345, 338, mstari mmoja usio na jibu kabisa, 352. Faili lilipoisha: 19, 18, 17.

Hakuna cha ajabu hapo, ni kugawanya tu. Kile kifurushi cha Mbps 20 kilikuwa 20 za kupakua. Za kupakia zilikuwa 3. Ruta ilikuwa na kumbukumbu ya kupanga foleni ya kilobaiti 128, yaani biti milioni moja na kidogo. Biti hizo zikitoka kwa Mbps 3, anayejiunga mkiani anasubiri takriban milisekunde 350. Kwenye kifurushi cha zamani, kilichokuwa na Mbps 1.5 za kupakia, angesubiri 700. Meneja alilipa pesa ya ziada kila mwezi ili kuhama kutoka balaa kamili kwenda nusu balaa, na nusu hiyo bado ni zaidi ya mara mbili ya milisekunde 150.

Tena foleni hiyo haitulii. TCP huongeza mwendo mpaka foleni ifurike na pakiti zidondoke, kisha inapunguza, kisha inaongeza tena. Kwa hiyo pakiti ya sauti moja inasubiri milisekunde 60, inayofuata 300, nyingine inatupwa nje. Simu ya upande wa pili ina hifadhi ndogo ya kulainisha mawimbi hayo, mara nyingi ya milisekunde 60 hadi 100. Pakiti inayofika baada ya hapo hutupwa. Masikioni mwa mteja, kuchelewa na kupotea ni jambo moja: neno halikusikika.

Na TCP haishibi. Umpe Mbps 3 atajaza 3, umpe 30 atajaza 30 kwa muda mfupi zaidi, halafu kamera za ulinzi zianze kupeleka picha kwenye seva za nje, simu za wafanyakazi zianze kuhifadhi video za harusi, na foleni imerudi. Kupanua barabara ya Chalinze hakupunguzi foleni ya malori kwenye mzani; tatizo liko mzanini.

Hii si siri ya wateule. Jim Gettys, mhandisi wa programu, alianza kulipigia kelele tatizo hili la foleni karibu mwaka 2010. Kumbukumbu ilikuwa imekuwa ya bei rahisi, na watengenezaji wakaijaza ndani ya vifaa bila kujiuliza. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha CoDel, kanuni inayoangalia pakiti imesubiri muda gani badala ya kuangalia foleni ina urefu gani. Mwaka 2018 mwenzake, fq_codel, inayotenga foleni ya kila mtiririko ili mkubwa asimkalie mdogo, iliandikwa rasmi kama RFC 8290. Iko ndani ya mfumo wa Linux, iko ndani ya OpenWrt, iko ndani ya ruta nyingi za bei ya kawaida. Inasubiri mtu aiwashe tu.

Pale kwa wakala wa forodha niliiwasha, na nikaiambia ruta isipakie zaidi ya Mbps 2.7. Ndiyo, nilipunguza spidi. Sababu ni kwamba ukituma kidogo chini ya uwezo wa laini, foleni haijengeki tena ndani ya modemu usiyoweza kuigusa. Inajengeka ndani ya ruta yako, mahali ambapo fq_codel inaipanga. Tukarudia jaribio kwa faili lile lile: 18, 24, 27, 23, 26. Meneja akauliza kama sasa arudishe kifurushi cha zamani. Nikamwambia hilo aamue na mhasibu wake, mimi kazi yangu imeisha.

Najua mwingine ataniandikia: "Mbona sisi tuliongeza spidi na simu zikapona?" Zilipona, sibishi. Umeongeza kifurushi, mtoa huduma akaja na ruta mpya, akabadilisha kebo iliyoliwa na panya, akakuhamisha kutoka redio ya paa kwenda faiba, na foleni yako ikawa inaisha haraka zaidi kuliko zamani. Mambo manne yamebadilika siku moja, sifa ukampa moja, tena lile lenye risiti. Subiri mwisho wa mwezi, kila idara ikipeleka ripoti zake, ndipo unihadithie.

Spidi huwa tatizo la kweli pale hesabu inapokataa, na hesabu hiyo ni nyepesi. Simu 30 za wakati mmoja kwa G.711 zinataka Mbps 2.6 kila upande. Kama una Mbps 2 za kupakia, hakuna kanuni ya foleni itakayokuokoa: badili kodeki au nunua uwezo zaidi, na ukinunua uliza namba ya kupakia, kwa sababu ya kupakua ndiyo inayoandikwa kwa herufi kubwa. Nje ya hapo, acha pesa ya mteja mfukoni mwake.

Kuna pia dalili nyingine ambazo spidi haizigusi hata kidogo, na bado naona mafundi wakizitibu kwa kifurushi. Simu za intaneti zina ukarimu wa kutaja ugonjwa wao, ukiwa na masikio na saa ya mkononi.

Simu inaita, inapokelewa, halafu upande mmoja kimya tangu sekunde ya kwanza. Hapo usiguse spidi. SIP, itifaki inayopanga simu, imefika salama. RTP, inayobeba sauti, imepewa anwani isiyofikika. Chungulia ujumbe wa SIP kwa Wireshark, sehemu ya maelezo ya sauti: mara nyingi utakuta simu imejitambulisha kwa dunia kama 192.168 nukta kitu. Hiyo ni anwani ya ndani ya jengo. Seva ya mtoa huduma iliyo, tuseme, Nairobi ikituma sauti huko, ni sawa na kutotuma. Dawa iko kwenye mpangilio wa NAT, ile kazi ya ruta ya kubadilisha anwani za ndani kuwa ya nje.

Simu inakatika kila mara baada ya sekunde 32 kamili. Hii naipenda, maana inajieleza yenyewe. Anayepokea hutuma jibu la kukubali simu, kisha anasubiri uthibitisho uitwao ACK. Usipofika, anarudia jibu lake, na kwa kanuni za RFC 3261 za mwaka 2002 uvumilivu wake ni mara 64 ya nusu sekunde. Piga hesabu. Baada ya hapo anakata. ACK inapotea kwa sababu ya anwani mbaya au kifaa cha katikati kinachochezea ujumbe. Nimewahi kuona ofisi imebadilisha mtoa huduma wa intaneti kwa kosa hili, na sekunde 32 zikawafuata hadi kwa mtoa huduma mpya, kwa sababu ruta ilikuwa ile ile.

Simu ndefu zinakatika kwenye dakika ya 15 au ya 30: tazama kipima muda cha kikao. RFC 4028 inapendekeza kikao cha sekunde 1,800, kinachohuishwa kikifika nusu. Ujumbe wa kuhuisha ukizuiwa, kikao kinakufa hata kama watu wanaongea vizuri kabisa.

Simu inapiga nje bila shida, lakini ikikaa kimya muda haipokei mpaka mtu apige kwanza: ruta imefunga kile kitundu cha UDP kwa kudhani hakitumiki. Weka ujumbe mfupi wa kuamsha kila sekunde 20 hadi 30.

Mteja anabonyeza moja kwa huduma ya Kiswahili na mtambo hausikii: toni za vitufe zinatumwa ndani ya sauti, na kodeki ya kubana kama G.729 inazivuruga. Zitume kama matukio ya RTP. Unasikia mwangwi wa sauti yako mwenyewe: chanzo kwa kawaida kiko upande wa mwenzako, ama spika yake inaingia kwenye maiki yake ama mlango wa analogi una kasoro, ucheleweshaji umekuonyesha tu kilichokuwepo.

Katika ruta nyingi kuna kitu kinaitwa SIP ALG, kilichobuniwa kusaidia simu kupita kwenye NAT. Msaada wake ni kuandika upya ujumbe wa SIP, mara nyingi vibaya. Kizime. Asilimia kubwa ya miujiza ambayo mafundi husimuliana imeanzia hapo.

Waya, sasa, na nitakwenda haraka. Hoteli, hospitali na majengo mengi ya zamani bado yana simu za mezani juu ya jozi za shaba, na shaba ni rafiki kwa mwenye multimita. Simu ikiwa chini, jozi nzima inasoma karibu volti 48 za mkondo wa moja kwa moja (DC), pungufu kidogo kwa mitambo midogo ya ofisini. Ukiinua mkono wa simu zinashuka hadi volti kumi hivi au chini. Sifuri kabisa ni waya uliokatika au jozi iliyogusana. Itenganishe kwenye bloku ya Krone upime upande wa mtambo, ujue kasoro iko mbele yako au nyuma yako. Mkwaruzo unaokuja na masika na kuondoka na kiangazi ni kiungo kilichoingia maji, na kukikausha kwa kipuliza joto ni kukiazima mpaka mvua ijayo: kikate, kiunge upya, kifunge na jeli. Muungurumo wa Hz 50 ni jozi isiyo na uwiano au waya mmoja unaogusa ardhi. Na ninyi mnaomenya waya kwa meno: mtu akipiga simu wakati huo, mlio ni volti 75 hadi 90 za mkondo geu (AC). Nunueni koleo.

Kwenye kebo za mtandao, adui wa siku hizi ni kebo ya aluminiamu iliyopakwa shaba, inayouzwa kwa bei ya kuvutia na maandishi ya Cat6 ubavuni. Kwaruza waya mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, mrudishie muuzaji. Aluminiamu ina ukinzani mkubwa kuliko shaba, kwa hiyo simu inayopata umeme kupitia kebo hiyo hiyo inazimika na kuwaka hasa inapoita au kioo chake kinapong'aa, na fundi anasema "simu mbovu". Usivuke mita 100 kati ya swichi na simu. Soma kaunta za makosa kwenye mlango wa swichi kabla ya kubadilisha chochote: makosa ya CRC yanayoongezeka ni kebo au kichwa chake, na migongano iliyochelewa ni upande mmoja uliolazimishwa mwendo wa pande mbili huku mwingine ukijipangia mwenyewe. Acha pande zote zijipangie.

Bila waya ndiko imani ya spidi inakovaa kilemba. Boksi limeandikwa Mbps 300, basi simu za Wi-Fi zitapeta. Wi-Fi ni kituo kimoja cha hewa kinachogawanywa, na anayeongea ni mmoja kwa wakati. Kompyuta moja iliyo mbali, inayotuma polepole, inakula zamu ya wote. Kwa sauti tafuta nguvu ya mawimbi ya dBm -67 au bora zaidi pale mtu anaposimama kuongea, si chini ya kifaa chenyewe. Kwenye GHz 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11 tu; anayechagua 3 ili "kukwepa msongamano" anawasumbua wa 1 na wa 6 kwa pamoja. Ukiweza hamia GHz 5. Kirudishi cha bei rahisi kinachopokea na kutuma kwa redio ile ile kinakata uwezo kwa nusu na kuongeza kusubiri. Na simu ya mezani isiyohama mezani haina sababu ya kuwa kwenye Wi-Fi; ivutie kebo.

Kwa simu za mkononi, acha kuhesabu mistari. Hakuna kipimo kimoja kinachowalazimisha watengenezaji. Mistari minne ya simu hii ni miwili ya ile. Kwenye Android nyingi piga *#*#4636#*#*, kwenye iPhone *3001#12345#*, usome RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya 4G. Juu ya dBm -90 ni nzuri, chini ya -110 usitegemee kitu. Mawimbi mazuri na simu haipigiki? Angalia kama VoLTE, yaani simu za sauti juu ya 4G, imewashwa na kama laini inaikubali. Bila hiyo simu lazima ishuke 3G au 2G kila mtu anapopiga, na huko ndiko inakopotelea. Stika za dhahabu za kubandika nyuma ya betri ni stika. Vikuza mawimbi visivyoidhinishwa ni kesi, maana vinaweza kuvuruga mnara wa mtaa mzima, na mamlaka ya mawasiliano haitavumilia utetezi kwamba uliviona vinauzwa hadharani.

Basi, kwa mpangilio, ukiitwa kesho. Usizime na kuwasha kwanza. Kuzima kunafuta kumbukumbu za makosa na jedwali la NAT, na unabaki huna ushahidi wala dawa. Uliza: upande gani hausikii, baada ya sekunde ngapi, saa ngapi za siku, simu zote au moja. Chomeka simu moja kwa kebo moja kwa moja kwenye ruta. Ikipona, tatizo liko ndani ya jengo. Piga simu ya ndani kwa ndani, kisha ya nje, uone njia inakatikia wapi. Endesha ping laini ikiwa tulivu, kisha wakati wa kupakia, kisha wakati wa kupakua. Baadhi ya majaribio ya spidi siku hizi huandika ping ya wakati wa mzigo. Soma hiyo, zile Mbps waachie wanaotangaza. Washa fq_codel au CAKE, kanuni nyingine ya kupanga foleni, kwa asilimia 85 hadi 95 ya uwezo halisi uliopima. Zipe pakiti za sauti alama ya DSCP 46, ukijua kwamba inaheshimiwa ndani ya mtandao wako tu na intaneti ya nje haina habari nayo. Tenga simu kwenye VLAN yake. Zima SIP ALG. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, andika ulichobadilisha.

Kama baada ya hayo yote kasoro iko nje ya jengo, mpigie mtoa huduma ukiwa na saa kamili ya simu iliyoharibika, namba iliyopiga na iliyopigiwa, upande uliokosa sauti, na matokeo ya ping na traceroute ya wakati ule ule, pamoja na yale ya laini ikiwa haina mzigo. Mhudumu atakuambia uzime ruta uiwashe. Mwambie umeshapima, msomee namba, uombe lalamiko liende kwa mhandisi. Lalamiko la "mtandao unasumbua" hufungwa saa hiyo hiyo kwa jaribio la spidi. Lenye saa, mwelekeo na asilimia ya pakiti zilizopotea lazima mtu alifungulie kumbukumbu za mitambo yake.